Mpira wa kulishia tumboni: maswali ambayo ndugu wa wagonjwa huuliza sana Nyanda za Juu Kusini

Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudiwa na ndugu wanaouguza: mabinti waliotoka Rungwe na mama mwenye kiharusi, vijana waliomleta baba kutoka Makete akiwa hamezi tena, wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Tumeyapa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila kurudia maneno. Kila mgonjwa ana faili lake. Pale jibu la hapa linapopishana na maelekezo uliyopewa hospitalini, fuata ya hospitalini, ila uliza sababu.

## Mambo ya mwanzo

1. Mpira wa tumboni una tofauti gani na ule wa puani?

Wa tumboni ni mrija laini, mara nyingi wa silikoni au poliurethani, unaopita kwenye tundu dogo la ngozi ya tumbo na kuingia moja kwa moja ndani ya mfuko wa chakula. Tundu hilo madaktari huliita gastrostomi. Chakula cha majimaji, maji na dawa hupita humo bila kugusa koo.

Wa puani huwekwa kitandani bila kisu na siku hiyo hiyo, ndiyo maana wagonjwa wengi huanza nao. Ubaya wake ni kwamba unakera koo, ni mwembamba kwa hiyo huziba upesi, na mgonjwa aliyechanganyikiwa huung'oa usiku mkiwa mmelala. Ikionekana mgonjwa atahitaji kulishwa hivyo kwa zaidi ya wiki 4 hadi 6, ndipo madaktari huanza kuzungumzia wa tumboni. Msisubiri waanze wao. Ulizeni mapema, maana mgonjwa aliyekwisha kukonda sana hupona kidonda kwa shida.

2. Nani huwekewa?

Mtu ambaye utumbo wake unafanya kazi vizuri, ila chakula hakifiki huko kwa usalama. Wanaoongoza ni wenye kiharusi ambao kumeza hakujarudi, wenye saratani ya mdomo, koo au umio (njia ya chakula kutoka koo hadi tumboni), watoto wenye mtindio wa ubongo wanaopaliwa kila mlo, walioumia kichwa (ajali za bodaboda zimetuletea wengi), na wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu yanayodhoofisha misuli ya kumeza polepole.

3. Je, ina maana mgonjwa wetu hatapona?

Hapana. Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, pembeni ya mgonjwa, na linastahili jibu la wazi. Mpira hauelezi ugonjwa utaishaje. Wapo wanaokaa nao miezi michache, wakarudi kula ugali, mpira ukatolewa. Wapo ambao ugonjwa wao hauponi, na kwao mpira ni wa kuondoa njaa na kiu na kurahisisha dawa. Muulizeni daktari mgonjwa wenu yuko kundi gani, tena mumuulize kabla ya kusaini fomu.

4. "Upasuaji wa matundu madogo" kwenye jambo hili ni upi?

Zamani njia ilikuwa moja: kufungua tumbo kwa kisu, kuuona mfuko wa chakula kwa macho, kushona mpira. Mtindo wa kushona unaotumika hadi leo ulielezwa na daktari Stamm mwaka 1894. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, pale Michael Gauderer, mpasuaji wa watoto, na Jeffrey Ponsky, mtaalamu wa endoskopi (kuchunguza ndani ya mwili kwa kamera), walipomwekea mtoto mchanga mpira kwa msaada wa kamera iliyopitishwa mdomoni, bila kufungua tumbo. Walichapisha njia yao mwaka 1980. Ndiyo inayoitwa PEG.

Leo njia zisizofungua tumbo ni tatu: kamera ya mdomoni (swali la 5), laparaskopia (swali la 6) na eksirei (swali la 7).

## Mpira unavyowekwa

5. Kwa kamera ya mdomoni inakuwaje?

Mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza na dozi ya antibiotiki kupitia mshipa. Daktari hupitisha kamera mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula na kuujaza hewa, ili ukuta wake uguse ukuta wa tumbo na utumbo mpana usogezwe pembeni. Taa ya chumba hupunguzwa. Mwanga wa kamera ukionekana kwenye ngozi kwa nje, na kidole kikibonyeza ngozi kikaonekana kwa ndani, mahali pamepatikana. Mwanga usipoonekana, daktari makini haendelei, kwa sababu huenda utumbo au ini limekaa katikati.

Pale pale huchomwa ganzi, ngozi huchanwa kama sentimita moja, sindano huingia, na uzi hupitishwa ndani ya sindano. Kamera huukamata uzi na kuutoa mdomoni. Mpira hufungwa kwenye uzi huo, kisha huvutwa kutoka mdomoni, ukashuka kwenye umio hadi ukatokeza tumboni. Kisahani cha ndani huuzuia usitoke, na kishikizo cha nje huuzuia usizame. Kazi yote mara nyingi huchukua dakika 15 hadi 30.

6. Kwa laparaskopia?

Hapa mgonjwa hulazwa usingizi kamili. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kamera nyembamba huingia karibu na kitovu, na vifaa huingia kwa tundu moja au mawili ya milimita 5 hivi. Mpasuaji huuona mfuko wa chakula, huuvuta hadi kwenye ukuta wa tumbo, huushona hapo na kuingiza mpira. Faida yake ni macho: anaona utumbo mpana ulipo na anaona makovu ya upasuaji wa zamani. Pia si lazima chochote kipite kwenye umio, jambo lenye uzito mkubwa kwa wagonjwa wa swali la 9.

Kwa njia hii hii mpira unaweza kuwekwa kwenye utumbo mwembamba badala ya mfuko wa chakula, kwa mgonjwa ambaye mfuko wenyewe umeziba, umeondolewa, au chakula kinarudi juu kila mara.

7. Na kwa eksirei?

Mfuko wa chakula hujazwa hewa kupitia mpira mwembamba wa puani, kisha daktari wa mionzi huuchoma kutoka nje akiongozwa na picha za eksirei zinazoonekana papo hapo, na kuufunga kwenye ukuta wa tumbo kwa vishikizo vidogo. Ganzi inatosha. Inahitaji mashine na mtaalamu ambao kwetu hawapatikani kila mahali.

8. Ipi ni bora? Jirani yetu alifanyiwa ya kamera na alitoka siku ya pili.

Kwa mgonjwa ambaye umio wake uko wazi, ambaye hajawahi kupasuliwa tumbo la juu na hana maji tumboni, kamera ya mdomoni huwa ya kwanza. Haihitaji usingizi mzito, ni ya haraka, na kidonda ni kidogo. Laparaskopia hufuata pale kamera inaposhindwa kupita au mwanga unapokataa kuonekana.

Lakini msidharau upasuaji wa kufungua tumbo kidogo. Laparaskopia inataka usingizi kamili na gesi tumboni, na mzee aliyekonda mwenye mapafu mabovu anaweza kushindwa kuvumilia hayo kuliko mchano wa sentimita chache uliofanywa kwa ganzi. Kwa hospitali isiyo na vifaa vya PEG, mpasuaji mzoefu wa njia ya zamani ni salama kuliko kijana anayejifunza njia mpya kwa mgonjwa wenu. Ndugu wengi huja wakiwa wameshachagua njia kwa kuwa waliiona kwenye simu. Afadhali kuuliza: umio wa mgonjwa ukoje, mfuko wake ukoje, atavumilia usingizi gani? Njia hujichagua baada ya majibu hayo.

9. Baba ana saratani ya umio, sasa hata mate hayapiti. Atawekewaje?

Swali hili lina uzito wake kwetu. Saratani ya umio iko juu kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika unaoteremka kutoka Ethiopia kuelekea kusini, na Tanzania imo ndani yake. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wameshaacha ugali, wakaacha uji, na wamebakiwa na maji.

La kwanza kuulizwa ni kama kuna mpango wa kuukata uvimbe. Kama upo, wapasuaji wengi hukwepa kuutoboa mfuko wa chakula, kwa sababu mfuko huo huo ndio huvutwa juu kutengeneza umio mpya. Hapo mpira wa utumbo mwembamba hufaa zaidi.

Kama saratani imesambaa na lengo ni kumpa nafuu, ulizeni kuhusu stenti. Hiki ni kibomba cha wavu wa chuma kinachopanuka ndani ya umio na kuacha njia, ili mgonjwa ameze mwenyewe chakula laini. Kwa anayefaa, kuonja tena kwa mdomo ni jambo ambalo mpira wa tumboni hauwezi kumpa. Stenti haifai kila uvimbe, hasa ule ulio juu sana karibu na kisanduku cha sauti.

Ikibaki gastrostomi, kuna tahadhari. Njia ya kuvuta mpira kutoka mdomoni huupitisha kwenye uvimbe, na imewahi kutokea, ingawa ni nadra, seli za saratani zikabebwa hadi kwenye tundu la tumbo. Kwa hiyo wenye saratani ya mdomo, koo au umio huelekezwa kwenye njia ambazo mpira huingia kutoka nje moja kwa moja: laparaskopia, eksirei, au upasuaji mdogo wa wazi.

10. Mtoto alikunywa kostiki ya kutengenezea sabuni. Kwa nini wanasema mpira wa tumboni?

Kostiki huchoma umio, na kovu linapopona hujikunja na kuubana. Mtoto hulishwa tumboni huku umio ukipanuliwa kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Zaidi ya chakula, tundu la tumbo linaweza kupitishiwa uzi unaoshika njia kutoka puani hadi tumboni, na vipanuzi huongozwa na uzi huo.

Ajali ikitokea, msimtapishe mtoto na msimnyweshe mafuta. Alichokunywa kikirudi juu kinachoma mara ya pili. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo alichonywea. Na kama mnatengeneza sabuni nyumbani, acheni kabisa kuweka kostiki kwenye chupa ya soda.

11. Nani hafai?

Mwenye maji mengi tumboni, mwenye damu isiyoganda ambayo haijarekebishwa, mwenye maambukizi ndani ya tumbo, na mwenye utumbo ulioziba chini ya mfuko wa chakula. Mengine hutegemea njia. Umio uliofunga huizuia kamera, lakini haumzuii mpasuaji. Kwa wazee wenye usahaulifu mkubwa, tazama swali la 25.

## Kabla ya siku yenyewe

12. Twende hospitali gani?

Anzieni hospitali yenu ya wilaya au ya mkoa, mchukue rufaa. Kanda yetu ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hospitali za rufaa za mikoa, na hospitali za makanisa ambazo watu wanazijua kwa majina: Ikonda kule Makete, Ilembula, Tosamaganga. Vifaa na wataalamu hubadilika, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kupanda basi. Msiishie kuuliza "mnafanya endoskopi?" Hospitali inaweza kuwa na kamera ya kuchunguzia vidonda vya tumbo na isiwe na seti ya PEG, ambayo huagizwa nje na hutumika mara moja. Ulizeni: seti ipo? Mtaalamu yupo wiki hii? Ikishindikana kwa kamera, mpasuaji yupo?

13. Gharama zikoje?

Hatutaji bei, maana zinatofautiana kwa hospitali na kwa mwaka. Gharama ina vipande: vipimo, kamera au chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, seti yenyewe, kitanda. Kuna kipande ambacho hakuna anayewaambia: mpira wa kubadilisha baada ya miezi, sirinji kubwa, na nauli za kliniki. Pitieni dirisha la bima kabla ya kupangiwa siku, muulize kama utaratibu unalipiwa na kama seti inalipiwa, maana hayo ni maswali mawili. Asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema. Kwenda kwake siku ya kutoka, bili ikiwa tayari, huwa kazi ngumu.

14. Anajiandaaje?

Asile kwa saa zisizopungua 6, aoshwe, asafishwe kinywa vizuri. Dawa za kuzuia damu kuganda zitajwe zote. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla na kipimo cha kuganda hurudiwa. Clopidogrel nayo daktari huweza kuisimamisha. Aspirini ndogo mara nyingi huendelea. Msisimamishe wenyewe, hasa kama mgonjwa ana valvu ya moyo au stenti ya moyo. Tajeni pia dawa za kienyeji anazotumia. Hakuna atakayewagombeza, na akiwagombeza, bado mmefanya vyema kusema.

15. Ataumia? Atalazwa siku ngapi?

Kidonda huuma kwa siku mbili tatu, zaidi akikohoa, na dawa za kawaida za maumivu hutosha. Baada ya PEG wengi huruhusiwa ndani ya siku moja hadi tatu. Mara nyingi anayechelewa kutoka anasubiri ndugu wajifunze kulisha. Aje wodini mtu atakayelisha kweli nyumbani, siyo yule mwenye gari tu.

## Kulisha na kutunza nyumbani

16. Anaanza kulishwa lini?

Baada ya PEG isiyo na tatizo, maji na chakula vinaweza kuanza ndani ya saa 4 hivi, kwa amri ya daktari. Aliyekaa wiki bila kula haanzi na shibe. Chakula kingi cha ghafla kwa mwili uliozoea njaa huvuruga madini ya damu, hasa fosfeti na potasiamu, na moyo unaweza kusimama. Huyo huongezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, akipewa vitamini B1 na kupimwa damu. Ndugu wakiona nesi anampa mililita 50 hudhani anamnyima.

17. Tumpe chakula gani? Maziwa ya kopo hatuwezi.

Ya kopo ni rahisi kupima na hayazibi mpira, lakini familia nyingi za huku hulisha kwa chakula cha nyumbani na wagonjwa hunawiri. Kinachotakiwa ni mpira usio mwembamba sana (namba 14 kwenda juu), chujio la matundu madogo, na usafi. Namba hiyo ni upana: igawe kwa 3 upate milimita, kwa hiyo namba 18 ina milimita 6.

Kosa kubwa ni uji mwepesi. Uji unaopita kwa urahisi mpirani mara nyingi ni maji yenye rangi, na mgonjwa hukonda huku akilishwa mara sita kwa siku. Dawa yake ipo jikoni kwetu: kimea cha ulezi. Pika uji mzito, uache upoe kidogo usiwe unachemka, koroga kijiko cha unga wa kimea, subiri dakika kadhaa. Utalainika wenyewe bila kuongezwa maji. Kisha uchemshe tena. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakikishauri kimea kwa uji wa watoto kwa miaka mingi, na kwa mgonjwa wa mpira kinafaa vivyo hivyo.

Ongeza maziwa yaliyochemshwa, yai lililoiva, mafuta kidogo. Maharage yachemshwe hadi yapondeke na yachujwe maganda. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe halikosekani, lina nguvu nyingi kwa kiasi kidogo, ila lisagwe na lichujwe. Karanga na unga wa dagaa wa Nyasa ni vizuri lakini ndivyo vinavyoongoza kuziba mipira: saga mara mbili, chuja mara mbili. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtaalamu wa lishe wa hospitali akupangie vipimo vya kikombe unachokitumia nyumbani.

Pika kidogo kidogo. Chakula kilichosagwa kisikae zaidi ya saa 2 nje ya friji, hata Julai ambapo Njombe yenyewe ni friji. Kukiweka cha vuguvugu kwenye chupa ya chai kutwa nzima ni kufuga bakteria.

18. Jinsi ya kulisha ni ipi?

Nawa mikono. Mgonjwa akae, au kichwa na kifua viinuliwe kwa mito nyuzi 30 hadi 45. Pitisha maji safi mililita 30. Unganisha sirinji kubwa bila kisukumio, mimina chakula kishuke chenyewe. Ukitaka kiende taratibu, shusha mkono. Kiende upesi, inua. Mlo wa mililita 200 hadi 400 uchukue dakika 15 hadi 20. Malizia na maji mililita 30, funga, aendelee kukaa angalau nusu saa. Kwa mtoto vipimo ni vidogo zaidi, fuata ulivyoandikiwa.

Jaribu joto la chakula kwenye kifundo cha mkono wako. Chakula hakipiti mdomoni, kwa hiyo ulimi wake hautamwonya. Mwenye mpira wa utumbo mwembamba halishwi kwa mkupuo hata kidogo. Chakula kinadondoshwa polepole kwa saa nyingi.

19. Na vidonge?

Kila dawa isagwe peke yake, iyeyushwe kwa maji, ipitishwe peke yake, na maji katikati ya moja na nyingine. Usichanganye na chakula. Vidonge vya kuachia dawa polepole na vile vyenye ganda la kuvilinda na tindikali havisagwi kamwe. Mwombe mfamasia aina nyingine, hasa ya maji. Kwa dawa za TB, ARV na kifafa, muulize kabla ya kusaga. Fenitoini (ya kifafa) hushikwa na chakula, huhitaji nafasi kabla na baada ya mlo.

20. Kidonda kinatunzwaje? Anaweza kuoga?

Siku za mwanzo nesi atakionesha. Baadaye ni sabuni ya kawaida na maji safi kila siku, kisha kikaushwe vizuri, hasa chini ya kishikizo. Usitie majivu, unga wa majani wala mafuta. Kuoga kwa kumwagiwa maji huruhusiwa baada ya siku chache. Kuzama kwenye maji kusubiri kidonda kipone kabisa.

Baada ya wiki moja hivi, ukishaelekezwa, legeza kishikizo cha nje, usukume mpira ndani sentimita 2 au 3, uuzungushe, uurudishe, uache nafasi ya karibu sentimita moja kati ya kishikizo na ngozi. Kishikizo kilichobanwa muda wote husababisha kisahani cha ndani kuzama kwenye ukuta wa mfuko, na kukitoa huko ni upasuaji mwingine. Mpira ulioshonewa au unaoendelea hadi utumbo mwembamba hauzungushwi.

Kinyama chekundu chenye majimaji kuzunguka tundu ni cha kawaida na kina dawa kliniki.

21. Mpira umeziba.

Tumia maji ya vuguvugu na sirinji kubwa: vuta, sukuma taratibu, acha dakika 15, rudia. Minya mpira kwa vidole kwa nje. Soda haizidi maji, licha ya sifa zake. Usiingize waya wala spoku, na usisukume kwa nguvu za kifua chote, mpira utapasuka. Ikishindikana, nenda hospitali siku hiyo, maana mgonjwa hana njia nyingine ya maji.

22. Mpira umechomoka!

Jiulize mpira wenyewe una umri gani. Kama haujafikisha wiki 4, hiyo ni dharura. Mfuko wa chakula huenda haujashikana na ukuta wa tumbo, na mpira utakaorudishwa kwa kubahatisha unaweza kuishia nje ya mfuko. Funika kwa kitambaa safi, usilishe chochote, nenda hospitali yenye mpasuaji.

Kama umezidi wiki 4, tundu liko imara lakini huanza kufunga ndani ya saa chache. Uliyeelekezwa na hospitali unaweza kuingiza katheta safi ya Foley (mrija wa mkojo wenye puto) ya namba ileile ili kushikilia njia. Hujaelekezwa? Kituo cha afya cha karibu kinaweza kusaidia. Vyovyote vile, hakuna kulisha hadi ihakikishwe uko ndani ya mfuko, kwa kupima tindikali au kwa eksirei yenye dawa. Kusikiliza hewa kwa stetoskopu hakutoshi. Beba mpira uliotoka, namba yake imeandikwa juu yake.

Foley si ya kudumu. Haina kishikizo cha nje, kwa hiyo puto lake husafiri na kuziba mlango wa kutokea chakula, mgonjwa akaanza kutapika.

23. Dalili gani zinatupeleka hospitali bila kusubiri kukuche?

Maumivu makali wakati wa kulisha, hasa ndani ya siku 3 za kwanza. Tumbo gumu. Homa. Damu mpya. Chakula kinachoanza kuvuja pembeni ya mpira. Kupumua kwa shida baada ya mlo. Kuharisha chakula kile kile muda mfupi baada ya kulishwa, maana mpira unaweza kuwa umeingia utumbo mpana. Ukiona mojawapo, acha kulisha kwanza, halafu nenda.

## Maswali ya pembeni

24. Ana mpira, bado anapata nimonia. Si tuliambiwa hatapaliwa?

Mpira hauzuii mate kuingia mapafuni, wala chakula kurudi juu kutoka tumboni. Kinachosaidia ni kukaa wima (swali la 18) na kupigwa mswaki mara mbili kwa siku hata kama hali kwa mdomo. Kinywa kisichotumika huchafuka zaidi. Kuhusu kuonja chakula au kupokea Meza ya Bwana, mpira haufungi mdomo: aliyepimwa akaonekana anameza salama anaruhusiwa. Asiyeweza, zungumzeni na mchungaji au padri mapema.

25. Bibi ana usahaulifu mkubwa na ameacha kula. Tumwekee?

Kwa usahaulifu uliofika hatua za mwisho, miongozo ya kitabibu haishauri mpira. Haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, na wengi hufungwa mikono ili wasiung'oe. Kumlisha kwa kijiko taratibu, kile anachokipenda na kwa kiasi anachotaka, ni tiba kamili, na ndugu wasilaumiane kwa kuchagua hivyo. Kiharusi ni habari nyingine: kumeza kunaweza kurudi ndani ya wiki chache. Utafiti mkubwa uitwao FOOD, uliotoka mwaka 2005, haukuona faida ya kukimbilia PEG mapema kuliko kuanza na mpira wa puani.

26. Mgonjwa mwenyewe hataki, sisi tunataka.

Mwenye akili timamu ndiye anayesaini. Mpeni nafasi aongee na daktari bila nyinyi chumbani. Mara nyingi anaogopa kuwa mzigo, au anadhani hataruhusiwa kula tena.

27. Mzee anaulizia ulanzi wake kupitia mpira.

Kila mwaka msimu wa mvua swali hili hutoka Iringa. Ulanzi unaendelea kuchacha, unajaza gesi, na pombe inagombana na dawa za kifafa na usingizi. Jibu ni hapana, ingawa tunaelewa.

28. Mpira unakaa muda gani, na ukitolewa tundu linabaki?

Wenye kisahani hudumu mwaka mmoja au zaidi ukitunzwa. Wenye puto la maji badala ya kisahani hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6, na maji ya puto hukaguliwa kila wiki. Kwa watoto wanaotambaa kuna aina fupi kama kitufe, inayokaa sawa na ngozi. Ukitolewa, tundu kwa kawaida hujifunga ndani ya siku chache. Lisipojifunga kwa wiki kadhaa, hushonwa.

29. Tunasafiri na basi Mbeya hadi Dar, zaidi ya kilomita 800. Inawezekana?

Inawezekana. Mlishe saa moja kabla ya kupanda, chukueni kiti cha mbele, bandikeni mpira tumboni kwa plasta usining'inie. Bebeni maji yaliyochemshwa, sirinji mbili, barua ya hospitali inayotaja aina na namba ya mpira. Uji wa kusagwa hautadumu safari nzima. Njiani tumieni unga unaokorogwa papo hapo na maji hayo, au maziwa ya pakiti ambayo hayajafunguliwa, mkiwa mmesimama, siyo gari likikata kona za Kitonga.

30. Ndugu yetu amefariki na mpira wake bado mzima. Unaweza kuoshwa akapewa mwingine?

Hapana, hata ukichemshwa. Sirinji zilizotumika nazo hazigawiwi. Maziwa ya kopo ambayo hayajafunguliwa na sirinji zilizo kwenye pakiti zake mnaweza kuzipeleka wodini. Kuna mtu anazihitaji leo.